Swichi Inayozimika Mchana

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tisa

Imezimika tena. Adhuhuri imepita, Sifa amenyonya, mama-mkwe amemfunga mgongoni na kurudi naye nyumbani. Nikafungua dirisha la bilo, ofisi yetu ya mtandao, nikaketi. Watu wa benchi wakaanza. Mama Sifa, mtandao. Mama Sifa, huku hakuna kitu.

Najua. Naona.

Kisanduku chenyewe si kikubwa, mtu anaweza kukipakata. Antena inaleta mtandao, swichi inaugawa: waya mmoja unakwenda kituo cha afya ng'ambo ya barabara, mmoja shuleni, mmoja kwa watu wetu wa barazani. Taa zake za kijani zikifa, sote tumekufa. Leo imekaa kimya mpaka jua lilipoinama, halafu ikaamka yenyewe kama mlevi, bila kuomba radhi.

Mgongo unauma. Sifa anaota meno na ananing'ata.

Jumanne, tarehe 2

Shefu Ramazani ameniita pembeni. Yeye ndiye mkubwa wa kituo chetu cha mtandao hapa Kasongo, si mtu mbaya. Alisema kamati ya Kindu, wenye vyombo hivi, imechoka. Kabambare hawana hata waya mmoja na wanaomba siku nyingi. Sisi tunao, na wetu unaanguka kila mchana. Usipotulia mpaka mwisho wa mwezi huu, watachomoa vyote, antena na swichi, wavipandishe moto, pikipiki ya mizigo, mpaka Kabambare. Na kazi yangu imekwisha.

Aliyasema akiangalia mlango. Nikajibu nimesikia.

Nafahamu maana yake. Baba Sifa yuko Kabambare, ana kibanda cha sabuni na chumvi. Tangu mtoto azaliwe anasema njooni. Ile njia siiogopi, hata kwa moto, hata na mtoto kifuani. Ninachoogopa ni kukaa kule bila kazi, nikinyoosha mkono kuomba sabuni kwa mtu anayeuza sabuni.

Nampenda mume wangu. Napenda pia ufunguo wangu wa bilo. Yote mawili ni kweli.

Mama-mkwe sijamwambia. Nitaanzia wapi.

Alhamisi, tarehe 4

Enjinia Pascal wa kamati amenipigia kutoka Kindu, simu ya kawaida. Aliuliza ndani ya kabati mna joto kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema jingi. Akasema jingi si namba.

Alinieleza polepole, sikuona haya. Hii swichi yetu ni ya bilo. Chini yake imeandikwa sifuri mpaka arobaini. Hiyo ni hewa inayoizunguka, si mwili wake wenyewe, mwili unaweza kuwa moto zaidi. Hewa ikipita arobaini swichi inaanza kuyumba, inajizima na kujiwasha, au inazimika kabisa ili isiungue. Na hata isipozimika, kila siku ya joto inaipunguzia umri. Ziko nyingine za viwandani na za migodini, zile zinavumilia mpaka sabini. Yetu si ya hizo.

Nikaenda kupima na nilichokuwa nacho. Kile kipimahoma cha Sifa, cha kwapani. Nikakiweka ndani, nikafunga, nikangoja. Kikaandika H tu, yaani joto limepita kiwango chake. Nikampigia enjinia kumwambia imeandika H.

Akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena. "Mama Sifa, umeipima homa? Na parasetamoli umeshaipatia?"

Na mimi nikacheka. Siku nyingi sijacheka pale bilo.

Muuguzi wa kituo cha afya ameniazima kipimajoto cha ukutani, cha akiba. Mchana chumbani: thelathini na sita. Ndani ya kabati: arobaini na saba.

Ijumaa, tarehe 5

Nimelitazama lile kabati kama mgeni. Ni la chuma, na linafungwa kwa kufuli. Shefu alisema tangu mwanzo: wezi, vumbi, mchwa, mijusi. Kwa hiyo swichi tumeificha kama dhahabu. Chini yake ndipo tulipoweka mashini ya kugeuza kuran, umeme wa bateri, inapeleka joto juu siku nzima kama mbabula ya makaa.

Na juu yake, kitambaa.

Kitambaa amekifuma mama-mkwe kwa mkono wake. Cheupe, pindo lina maua mekundu. Nilipopata kazi aliniuliza hicho chombo ukubwa wake, nikamwonyesha kwa mikono. Kwetu kitu cha thamani kinavishwa. Televisheni inavishwa, redio inavishwa, migongo ya viti, hata ndoo ya maji ya kunywa. Kitu kilicho uchi ni kitu ambacho mwenyewe hakijali. Alikuja kuivisha yeye mwenyewe, Shefu akapiga makofi. Na tangu siku ile, kila mchana akiniletea Sifa, anafungua kabati, anakinyoosha kitambaa, anaisalimu swichi. "Umeshindaje, bwana."

Matundu ya swichi yako ubavuni. Kitambaa kinashuka pande zote mpaka chini. Maana yake tumeiziba pua kwa heshima.

Sasa nani atakitoa? Alichokivisha mama-mkwe, mukamwana, mke wa mwanawe, hakivui. Ni kama kumvua yeye.

Na yeye ndiye anayenilelea mtoto. Bila yeye hakuna kazi hata mtandao ukiwa mzuri.

Jumamosi, tarehe 6

Nimemwambia. Sikutaka kukitoa kwa kificho, angekuta, ingekuwa mbaya zaidi. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikakaa chini karibu naye, nikasema Mama, kile kitambaa ni kizuri lakini kinaiziba pumzi, mashini inazimika kwa joto. Nitakiweka mezani, watu wakione vizuri zaidi.

Hakuacha kutwanga. Alisema redio ya marehemu mume wake ilivaa kitambaa miaka yote na iliimba mpaka mwenyewe akafa. Nikasema redio haina joto kama hili. Akatwanga tena.

"Sawa. Ni mashini yako."

Basi. Ni mashini yangu.

Jumapili, tarehe 7

Nguo za mtoto, maji, kuni. Mama-mkwe anasema nami kwa kupitia Sifa. Sifa, mwambie mama yako chumvi imekwisha. Sifa, mwambie mama yako asisahau sufuria ya jirani. Sifa anacheka na kutoa mate. Nami namjibu Sifa.

Kinachouma ni kwamba anambeba vizuri vilevile. Amemwogesha, amempaka mafuta. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

Jumatano, tarehe 10

Siku tatu za kubishana na Shefu. Nilitaka mlango wa kabati ubaki wazi. Hataki. Vumbi la msimu huu ni unga mtupu, anasema, na mwizi hahitaji kualikwa. Ana haki upande wake. Enjinia akampigia, wakasemezana kwa Kifaransa kirefu, mwisho wakakubaliana.

Fundi wa kuchomelea amekata mgongo wa kabati na katikati ya mlango, akaweka wavu wa chuma. Kufuli imebaki. Mashini ya kuran imetoka, iko chumbani juu ya matofali, mbali. Swichi imepandishwa juu ya vibao viwili na imeachiwa nafasi ya kiganja kila upande. Nimeisafisha matundu kwa brashi kavu. Enjinia alikataza kitambaa cha maji, na alikataza kuifungua.

Kipimajoto sasa kimefungwa kwa kamba humo humo ndani. Asubuhi thelathini na moja. Kabla ya adhuhuri thelathini na saba.

Nimefurahi. Nimeandika kwa herufi kubwa kidogo, naona.

Alhamisi, tarehe 11

Imezimika. Saa ileile.

Niliangalia kipimajoto: arobaini na tatu. Joto linatoka wapi? Kabati liko wazi. Mashini ya kuran imeondoka. Kitambaa hakipo. Nimegombana na kila mtu na bado imezimika.

Shefu hakukasirika, hilo ndilo baya. Alisema pengine imezeeka tu, ipumzike Kabambare. Mama-mkwe alikuwa bado mlangoni na Sifa mgongoni, akamsikia. Sijui alielewa nini. Aliangalia kitambaa chake pale mezani, halafu akanitazama mimi.

Nimelia chooni. Nikanawa, nikarudi kazini.

Ijumaa, tarehe 12

Imezimika.

Jumatatu, tarehe 15

Ni mimi.

Enjinia alipiga, nikamsomea namba zangu zote. Akauliza kila siku kabla haijazimika chumbani mnatokea nini. Nikasema hakuna. Hakuna kazi wakati ule, watu wanaswali au wanakula, niko peke yangu na mtoto, nimefunga.

"Umefunga nini, Mama Sifa?"

Nikageuka na simu sikioni.

Mlango. Nafunga mlango na madirisha yote mawili. Bilo ni chumba kimoja, nje ni baraza na benchi la wanaume. Mtoto akija nafunga kila kitu ili nimnyonyeshe. Juu ni mabati, jua liko katikati, hakuna hewa inayoingia wala kutoka. Na Sifa siku hizi na meno yake ananyonya, analala, anaamka, ananyonya tena. Nikifungua sote tumelowa jasho. Shingo yake imejaa vipele. Nilidhani ni meno. Ilikuwa joto. Tumekuwa tukipikana humo ndani, mtoto, mimi na swichi.

Nikamwambia enjinia. Nikasikia aibu yake kwenye simu kabla ya yangu. Alisema pole Mama, sikujua. Nikamwambia wala mimi.

Jumanne, tarehe 16

Nilijua itakuwa vita, na imekuwa. Nimemwambia mama-mkwe kwamba kuanzia kesho nitamnyonyesha Sifa barazani, mlango ukiwa wazi.

Sasa akasema na mimi mwenyewe, si kwa kupitia mtoto. Mutoto hanyonyi mbele ya macho ya watu. Kuna macho yanayokausha maziwa, yeye ameyaona, aliyaona kwa dada yake. Na wale wanaume wa benchi hawana mama zao? Nirudi nyumbani mchana. Nikasema Shefu hakubali niondoke bilo, na nyumbani ni ng'ambo ya soko, nitakwenda na kurudi saa ngapi. Akasema basi mtoto anywe uji. Nikasema hapana. Uji asubuhi na jioni anapata. Mchana ni maziwa yangu, hilo sitaliacha kwa ajili ya mashini wala kwa ajili ya macho.

Sikupaza sauti. Nilikuwa nimechoka mno. Alikuwa amempakata Sifa, anamkuna vile vipele kwa upande wa kidole, polepole, bila kucha.

Hapo ndipo nikamwambia lile nililoficha tangu mwanzo wa mwezi.

"Mama, nikifunga mlango, mtandao unakufa. Mtandao ukikufa wanaupeleka Kabambare. Na mimi nitafuata bwana yangu huko."

Kidole kikasimama.

"Na Sifa?"

"Na Sifa."

Alimpandisha begani, akatoka naye uani. Nilimsikia anamwimbia kwa Kibangubangu, wimbo siujui, mpaka giza likaingia.

Jumatano, tarehe 17

Mama-mkwe alikuja bilo kabla ya mwadhini wa adhuhuri. Mkeka kwapani, vitenge viwili begani, Sifa mgongoni. Hakunisalimu. Alipita mpaka mwisho wa baraza, upande wa ukuta, akatandika. Halafu akawageukia wale wanaume. Aliwaambia wageuze benchi. Mmoja akasema, lakini Bibi, mtandao unashika vizuri tukikaa hivi. Akamjibu:

"Mutandao iko mbele yako, haiko kwenye kifua ya mukamwana wangu. Geuka."

Wakageuka, na kicheko juu. Akafunga kitenge kimoja kwenye nguzo na msumari wa ukuta, cha pili akanitupia. Halafu akaketi mwenyewe, mgongo kwa barabara, akajitandaza kama ukuta wa udongo.

"Nyonyesha."

Nikanyonyesha. Mlango nyuma yetu wazi, madirisha wazi. Hewa ilikuwa ya moto lakini ilikuwa inatembea. Sifa aliona kuku wa jirani, akasahau kunyonya, akakumbuka, akasahau tena. Macho yangu yalikuwa ndani, kwenye taa za kijani. Alipomaliza nikaenda kuangalia kipimajoto. Thelathini na nane. Saa ya kuzimika ikafika, ikapita. Mtu mmoja wa benchi alikuwa anasema na kaka yake Bukavu, wanagombania shamba, na wakagombana mpaka mwisho bila kukatika.

Mama-mkwe alikunja mkeka.

Jumamosi, tarehe 20

Haijazimika tangu Jumatano. Naogopa kuandika.

Vipele vya Sifa vinakauka.

Jumanne, tarehe 23

Leo joto baya. Anga nyeupe, kuku wamelala na midomo wazi. Kabati lilipanda mpaka arobaini na moja. Nikakaa mbele yake kama nakaa na mgonjwa. Ikavumilia. Nikampigia enjinia, akasema ile namba si ukuta, ikivuka kidogo siku moja haifi. Lakini isizoee. Ikiishi juu ya arobaini kila siku itakufa mapema, hata kama leo inatudanganya kwamba ni nzima.

Shefu alisikiliza yote. Baadaye nikamwona mwenyewe, na shati lake la kazi, amepanda juu ya bilo na mafungu ya nyasi, anayapanga juu ya mabati na kuyabana kwa mawe. Watu wa benchi walimcheka. Shefu, unarudi kijijini? Aliwaambia aliye na jibu la joto apande. Hakuna aliyepanda.

Ijumaa, tarehe 26

Thelathini na saba kwa nyasi. Inashika.

Baba Sifa amepiga. Alikuwa na furaha. Amesikia kwamba mashini zinakuja Kabambare na mimi nyuma yake. Ameshatafuta nyumba yenye simenti, ameongea na mwenye nyumba. Anasema karibu na kisima, sitachota mbali.

Nikamwambia swichi haizimiki tena. Pengine mashini haziji.

Nikasikia pikipiki inapita kwake. Akasema vizuri, ni vizuri kwa kazi. Sauti ya mtu anayefunga duka. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza na sikukipata. Nimejisikia mbaya siku nzima. Lakini sikumwambia nitakuja. Nisingekuwa nasema kweli.

Jumatatu, tarehe 29

Hakuna habari kutoka Kindu. Nimemgombeza Sifa kwa kumwaga uji, halafu nikaona yeye ndiye mtoto hapa, si mimi.

Jumanne, tarehe 30

Ujumbe umefika asubuhi. Vyombo vinabaki Kasongo. Kabambare watangoja swichi nyingine, ile ya kuvumilia joto, na hakuna anayesema italetwa lini. Nimesoma mara mbili. Sikupiga kelele. Shefu alinipa mkono, akaenda kunywa chai.

Nimewaza wauguzi wa Kabambare ambao hawataweza kuuliza dawa mchana wala usiku. Sikupata mahali pa kuweka wazo hilo, nikaendelea na kazi.

Mama-mkwe alipokuja nikamwambia tunabaki. Alikuwa anafungua kanga ya mgongoni. Alisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, akanipa mtoto.

Baba Sifa amepiga jioni, ameshajua. Aliuliza juu ya jino. Nikasema limetoka, la chini, upande wa kushoto. Akasema basi yeye atakuja kuliona, akipata mtu wa kumwachia kibanda. Nikasema njoo. Nilisema mara mbili.

Mvua ya kwanza imejaribu, ikashindwa. Nilijilaza kidogo mkekani jua likiwa bado liko, nguo hazijaanuliwa, sahani hazijaoshwa, na usingizi ukanichukua. Hakuna aliyeniamsha. Nilipofungua macho nguo zilikuwa ndani, na sauti ya mama-mkwe ilikuwa uani, anamwambia Sifa anyamaze, mama yake analala.